Koti Langu Lilivyolia Getini Sagana

Nianze kwa kukubali mwenyewe kabla mtu hajanisemea: ndiyo, mimi ndiye yule mama wa Nyeri aliyepandishwa kizimbani kwa kubeba silaha, na ndiyo, silaha yenyewe ilitolewa kwapani mbele ya watu. Aibu niliyoiona siku ile simtakii mtu, hata yule jirani anayelisha ng'ombe wake kwa majani yangu ya nepia. Lakini nikimaliza mtaelewa kwa nini siku hizi napita sokoni nikiwa nimeinua kidevu, kwa hivyo mimina chai, Mama Njeri, na usicheke kabla sijafika mahali pa kucheka.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Nyeri mjini, nyuma ya stendi, na sare za shule nyingi mnazoziona zikipita zimetoka kwa cherehani yangu (mtoto anaweza kuruka ua wa shule kila siku na suruali ibaki nzima; sijisifu, nasema tu). Kwa cherehani hiyo nimelea watoto wawili, Maina na Wangari, kwa sababu baba yao alituacha Maina akiwa bado hajaanza shule. Simaanishi alitoroka. Tulimzika.

Sasa Maina akakua, akapata kazi ya kompyuta Nairobi, mikono yake ikawa laini kuliko yangu, halafu akampata Nyambura, msichana wa Murang'a, mpole lakini anayejua anachotaka, nikampenda siku ile ile. Tukaenda kujitambulisha, tukapeleka mahari, ikabaki ngurario. Kwetu hiyo ndiyo siku ndoa inakuwa ndoa: mbuzi anachinjwa, anachomwa, bega lake tunaloliita kiande linaletwa kwa sinia mbele ya wazee wa pande zote, na bwana harusi analikata kwenye kiungo na kumpa msichana ale. Akishakata na msichana akala, maneno yameisha.

Shida ni kisu. Kisu kinaletwa na upande wa msichana, na wakwe wana utani wao: wanaleta kisu butu. Kijana wa watu anasukuma, anavuta, jasho linamtoka, mshereheshaji anauliza kwenye kipaza sauti kama kwao walimpa chai asubuhi, akina mama wanashika mbavu kwa kucheka. Ni utani tu, kila mtu anajua. Lakini mimi sikuweza kuuchukua kama utani, kwa sababu siku ya mahari nilimsikia shemeji yangu Kariuki, ndugu ya marehemu, akiwaambia wanaume wenzake, "Huyu kijana amelelewa na mwanamke. Kukata nyama atajulia wapi?" Alisema akicheka. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya chai nyuma yake, na nawaambia ukweli, chai hiyo karibu imwagikie mahali.

Basi nikaamua. Uamuzi mdogo tu. Nilishuka Karatina sokoni nikanunua kisu kipya, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, nikakitia makali hadi kikawa kinanyoa. Mpango wangu ulikuwa hivi: kiande kikiletwa, mimi nitasimama kama mama yeyote anayemrekebishia mwanawe kola ya shati, nitampa kisu changu, nichukue chao, nirudi nikakae. Kukiweka kwa kiondo, kikapu cha kubebea zawadi, hakungewezekana, maana viondo vyetu vinapokewa na akina mama wa huko na kufunguliwa vyote. Kwa hivyo nikakaa kwa cherehani nikashona mfuko ndani ya koti langu la sherehe, upande wa kushoto, kuanzia kwapani hadi kiunoni, bitana mara mbili, turubai katikati ili kisitoboe, na kifuniko chenye kifungo. Nikalivaa, nikajiangalia kwa kioo mbele na nyuma. Hakuna kitu kilichoonekana. Niliona uchungu kwamba kazi nzuri namna ile hakuna mtu angeiona.

Wataiona, ngojeni.

Jumamosi tukaondoka na mabasi madogo mawili, tumevaa, tunaimba, na shangazi ya Nyambura ametumwa na wakwe kuja kutuonyesha njia, amekaa kiti kimoja nami (upande wa kushoto, fikiria). Tulikuwa tumekunywa chai nyingi nyumbani, na tulipofika Sagana akina mama wote wakaanza kugonga mgongo wa dereva. Wanaume shida hiyo hawana, wanasimama popote. Sisi tukaona hoteli kubwa yenye geti, tukasema hapa vyoo vitakuwa safi, tukashuka kwa msururu.

Kumbe siku hiyo mheshimiwa fulani alikuwa anakuja hapo kwa mkutano. Magari yalikuwa mengi, askari wengi, na getini kulikuwa na afande mmoja wa kike anayepitisha kile kifimbo cha kupima chuma juu ya kila mtu. Mtu mwenye akili angerudi kwa basi. Mimi nilikuwa nimebanwa, na nyuma yangu kulikuwa na shangazi ya Nyambura, nikaona nikigeuka ataniuliza kwa nini. Nikaingia. Kifimbo kikalia.

"Mama, uko na nini hapo?"

"Ni sidiria," nikasema. "Iko na waya."

Afande akakipitisha tena, kikalia kwapani, kikalia mbavuni, kikaendelea kulia.

"Sidiria gani inafika kiunoni?"

"Ni ya watu wanene."

Akina mama wetu nyuma wakaangua kicheko, na nadhani hicho kicheko ndicho kilichoniponza, kwa sababu afande aliona anafanywa mjinga mbele ya wakubwa wake. Akanivuta kando ya kibanda cha askari, akafungua koti, akapapasa, akapata kile kifungo changu. Akakifungua. Akaanza kuvuta kisu, na kisu kikatoka, na kikaendelea kutoka, na kadiri kilivyotoka ndivyo kicheko cha akina mama kilivyokwisha, hadi nikasikia ndege.

"Hii ni ya nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Sasa hapa ndipo ningeweza kusema ukweli nikaenda zangu. Lakini shangazi ya Nyambura alikuwa amesimama hapo hapo, macho yamemtoka, na nikisema ni cha ngurario, kabla ya saa sita Murang'a nzima ingejua kwamba mama ya Maina hamwamini mwanawe na kisu cha wakwe. Nikaangalia huku na huku.

"Ni ya kukata matunda."

"Matunda gani?"

"Nanasi."

"Nanasi iko wapi?"

Nanasi halikuwepo. Afande akaandika yote, sidiria na nanasi, kwa mwandiko mzuri, na mimi nikapelekwa kituoni nikiwa na koti wazi na kilemba changu cha sherehe kichwani.

Ngurario ikaahirishwa. Wazee wetu walienda mbele kuomba radhi, lakini habari ilikuwa imewatangulia, tena imekua njiani: ati mama ya bwana harusi ameshikwa akienda kumdunga mheshimiwa. Mzee Kamande, baba ya Nyambura, mtu wa maneno machache na kofia ya hudhurungi, aliwasikiliza akasema, "Kesi iishe kwanza. Tujue msichana wetu anaingia nyumba ya watu gani." Hapo ndipo nilielewa kwamba nikihukumiwa sitafungwa peke yangu. Maina angebaki bila mke kwa sababu ya mfuko wa koti. Alikuja kituoni jioni kunitoa kwa dhamana, akanifunga koti vifungo vyote, hakusema neno hata moja la lawama, na hiyo iliniuma kuliko angenifokea.

Mahakamani nikasomewa: kubeba silaha hatari hadharani bila sababu halali. Nikasema si kweli, kesi ikapangiwa tarehe, na Maina akanitafutia wakili. Anaitwa Kendi, msichana wa Meru, mwembamba, ofisi yake iko Nyeri juu ya duka la dawa. Nilimweleza kila kitu, hata kuhusu Kariuki. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu, hakuandika chochote.

"Mama, sheria haikatazi mtu kubeba kisu," akasema. "Wauza nyama wote wangekuwa ndani. Wanauliza tu, ulikuwa na sababu halali, na ulikuwa unataka kuumiza mtu? Sababu uko nayo, tena nzuri. Shida ni kwamba umeificha kuliko ulivyoficha kisu."

"Siwezi kusema hiyo maneno mbele ya wakwe."

"Basi utafungwa na heshima yako." Akafunga faili. "Utasimama uulizwe na ujibu ukweli. Usipoulizwa, usiongee. Na mama, ukisema uongo wa tatu mimi naenda nyumbani Meru."

Siku ya kesi viti vilijaa. Wa kwetu walikuja, wakwe walikuja, hata wateja wangu walikuja na watoto wenye sare ambazo bado sijamaliza. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mtulivu. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mtanashati lakini koti lake lilikuwa limekaa vibaya mabegani (aliyemshonea alikosea kipimo, sikuweza kuacha kuangalia). Yule afande akatoa ushahidi, akasoma kutoka kwa karatasi yake, "Mshtakiwa akasema ni sidiria ya watu wanene," na mahakama nzima ikacheka hadi karani akaomba kimya, na mimi nikakodolea macho mbao za kizimba.

Halafu kijana wa mashtaka akaleta koti langu. Akaligeuza ndani nje, akaliinua juu watu wote waone.

"Mheshimiwa, tazama huu mfuko. Si mfuko wa kawaida. Umepimwa sawa na kisu. Umewekwa turubai ndani. Bitana mara mbili. Mshono hauonekani ukiwa nje. Hii ni kazi ya fundi hodari kabisa."

"Asante," nikasema.

Ilinitoka tu. Kendi akafunga macho. Hakimu akaniangalia juu ya miwani yake, kisha akalichukua koti, akapitisha kidole kwenye mshono polepole kutoka juu hadi chini, na sitawadanganya, katika aibu yote ile moyo wangu ulisimama wima.

Ikafika zamu yangu. Kendi akaniuliza kisu kilikuwa kinaenda kufanya nini, nikasema kukata kiande. Akaniuliza kwa nini nilikificha. Nikaangalia viti. Wakwe walikuwa mstari wa pili, Mama Nyambura na kitambaa chake cheupe, shangazi, na wengine, ila kiti cha Mzee Kamande kilikuwa kitupu, na mbele yao amekaa Kariuki, mguu juu ya mwingine. Kisha nikamwona Maina. Alikuwa ameshika mkono wa Nyambura, lakini macho yake yalikuwa kwangu, na nikajua heshima ninayoilinda haina kazi nyingine ila huyu mtoto.

Nikasema. Nikasema yote, jinsi wakwe huleta kisu butu, jinsi nilivyoogopa kijana wangu achekwe aambiwe hakuwa na baba wa kumfundisha, jinsi nilivyopanga kubadilisha visu nikirekebisha kola. Hakuna aliyecheka. Kariuki akateremsha mguu.

Kijana wa mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, kwanza ilikuwa sidiria, halafu nanasi, sasa ni kisu butu cha wakwe. Nani amewahi kukiona hicho kisu butu?"

"Shahidi wetu," akasema Kendi. "Namwita Mzee Kamande."

Mimi sikujua. Kendi alikuwa ameenda Murang'a peke yake, hakuniambia, na nadhani alifanya vizuri. Mlango ukafunguliwa, Mzee akaingia amevua kofia, na kando yake askari wa mlangoni amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti, amekiinua juu kila mtu akione. Mzee akaapa. Gazeti likafunguliwa.

"Mzee, hiyo ni nini?" Kendi akauliza.

"Ni kisu. Ile tulikuwa tumewekea huyu kijana."

Hakimu akamwambia karani ajaribu kukata lile gazeti nacho. Karani akakata, gazeti likakunjamana tu. Akabonyeza kwa nguvu, likakunjamana zaidi.

"Kwa nini haikati?" hakimu akauliza. Alisema kwao hawana mila hiyo, anataka kuelewa.

"Niliisugua kwa ngazi ya simiti, Mheshimiwa. Hadi mkono ikauma."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Tulitaka kuona kijana."

Kijana wa mashtaka naye hakutaka kushindwa. Akamuuliza Mzee, kama huo ni utani unaojulikana, kwani ni kawaida mama wa bwana harusi kuja na kisu chake amekificha? Alidhani Mzee atasema hapana. Mzee Kamande akageuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Yangu aliificha kwa kiondo," akasema. "Chini ya ndizi."

"Nani?"

"Mama yangu. Siku yangu ya kuoa."

 Halafu kutoka mstari wa pili nikasikia sauti ya Mama Nyambura, wala haikuwa kubwa, ikisema, "Kamande," na hapo mahakama ikalipuka, wa kwetu na wa kwao pamoja, yule afande wa kike amefunika uso kwa kofia yake, hata kijana wa mashtaka akakaa chini akajifanya anatafuta karatasi. Mzee akabaki amesimama kwenye kiapo chake, akasema tu, "Nimeambiwa niseme ukweli."

Hakimu hakuchelewa. Alisema ameridhika kwamba kisu kilikuwa kinaenda kwa shughuli halali na hakuna mtu aliyekusudiwa kudhuriwa ila mbuzi, ambaye tayari angekuwa amekufa. Alisema ameona nia ya kuwadanganya wakwe, lakini hilo si kosa katika sheria yoyote anayoijua. Kuhusu sidiria na nanasi, alinishauri siku nyingine niwaheshimu askari kwa kuwaambia ukweli, maana ukweli ungenirudisha kwa basi mapema. Nikaachiliwa huru, kisu na koti nirudishiwe. Na kabla sijafika nje yule karani akanifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumshonea koti la kazi. Bila mfuko, akasema.

Ngurario ikafanyika Murang'a baada ya hapo, na sijawahi kuona watu wengi namna ile, kwa sababu kila aliyesikia kesi alitaka kuona kiande kikikatwa. Mzee Kamande aliweka visu vyote viwili kwenye sinia, changu na chake, kando ya nyama. Akamwambia Maina, "Chagua, kijana. Hatufichani tena."

Nikashukuru Mungu moyoni. Nikaanza hata kutabasamu. Maina akaangalia visu, akanyoosha mkono, akachukua kile butu.

Nilitaka kusimama. Nyambura, aliyekuwa karibu nami, akanishika goti, akaniambia, "Mum, mwache."

Hakusukuma wala hakuvuta. Alipapasa bega kwa kidole gumba, polepole, hadi akapata pale mifupa inapokutana, akaingiza ncha ya kile kisu, akazungusha mkono kidogo, na kiungo kikafunguka. Mshereheshaji alikuwa ameshainua kipaza sauti aanze vichekesho vyake, akakiteremsha. Maina akachomoa nyama ya karibu na kiungo, akamlisha Nyambura, na vigelegele vikapasuka pande zote.

Mzee Kamande akachukua kile kisu, akakiangalia, akajaribu makali kwa kidole kana kwamba kimemsaliti. "Kijana," akauliza, "nani alikufundisha?"

"Ni mama," Maina akasema. "Kila Krismasi nilikuwa namwona akikata nyama jikoni. Na kisu ya nyumbani kwetu haijawahi kuwa na makali."

Niliona fahari jamani, sina neno lingine. Miaka yote ile nimeinama juu ya nyama usiku wa kuamkia sikukuu, nikilaani kile kisu, kulikuwa na mtoto mlangoni anaangalia mikono yangu, na mimi nikaenda kununua kisu Karatina kwa sababu ya maneno ya Kariuki. Nilimtafuta Kariuki kwa macho. Alikuwa anapiga makofi, tena kwa nguvu, na baadaye alikuja akaniambia, "Mama Maina, umelea," nikamwambia ndiyo, najua.

Kwa hivyo nimejifunza, na nimeapa mbele yenu: sitabeba tena kitu ndani ya nguo ambacho siwezi kukitaja jina mbele ya askari, na mtoto wangu akiitwa kukata, nitakaa kwa kiti changu nile. Mfuko nimeufumua (iliniuma roho, mshono ule). Kisu kiko nyumbani.

Sasa kuna hili jambo la Wangari. Amepata mtu, kijana wa Tetu, mama yake ni mwanamke mwenye kujiamini sana, na mwezi wa kumi na mbili wanakuja kwetu kwa ngurario. Safari hii kisu kinatoka kwa upande wetu. Juzi nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, kwenye simiti, na kile kisu changu cha mahakamani, nikakisugua hadi sasa hakikati hata sabuni. Na huyo mama wa Tetu akishuka kwa gari siku hiyo, nitamsalimia vizuri kwa mikono miwili, huku nikiangalia koti lake limekaa vipi upande wa kushoto.